Bidoni Themanini

Kolwezi, ua wa nyuma ya gare, stesheni ya train, Jumapili 28 Machi 1993

Madame Kabemba, siku ulipolipenyeza daftari hili chini ya kitenge cha Mama uliniambia: "Elise, andika yote. Usiniandikie yale ya kunifurahisha tu. Ukifika kwenu unitumie, nitasahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida." Basi naahidi hapa, kwenye mstari wa kwanza: nitakuambia yote, hata yale ambayo nitaona haya kuyaandika.

Tulitoka mtaani Kapata siku ya Alhamisi. Vijana walikuja na orodha ya nyumba za watu wa asili ya Kasai. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani ambaye Mama alimfunga kitovu siku alipozaliwa. Alisimama nyuma ya wengine, akitazama viatu vyake, huku wenzake wakiimba "bilulu batoke", yaani wadudu watoke. Tulipakia godoro, sufuria na Kaku kwenye kigari cha kusukuma. Kaku ni mama wa baba yangu. Miguu yake haimbebi tena. Baba alishaondoka na train ya mwanzo wa mwezi, kututafutia nyumba Mwene-Ditu, huko Kasai. Kwa hiyo tuko watatu: Mama, Kaku na mimi.

Umesema kwenu. Nimeandika neno lako kama ulivyolisema. Lakini Kasai sijawahi kuiona.

30 Machi

Mvua kutwa nzima. Tumemweka Kaku juu ya sufuria mbili zilizofunikwa ubao.

1 Aprili

Leo nimetumia masomo yako, Madame, nami nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Ua wetu una familia 620. Tumepangwa kwa mistari kumi na minne iliyochorwa kwa chokaa. Sisi tuko mstari wa mwisho kwa sababu tulichelewa kufika. Maji yanaletwa na lori la masista kila baada ya siku mbili au tatu, na yanamiminwa kwenye tangi la zege lililo kando ya ukuta wa ghala. Ni tangi la pembe nne, kama sanduku, na lina kifuniko cha zege chenye tundu dogo juu. Chini kuna robine moja ya kutolea maji. Ufunguo wa robine unashikwa na Tata Mukendi.

Unamjua. Ni yule wa pampu za kampuni, anayeongea kwa sauti kubwa kwa sababu mashine zilimharibu sikio la kulia. Mke wake ni Mama Mbuyu, Muluba wa huku huku Katanga, kwa hiyo yeye hakufukuzwa. Amebaki Kapata kulinda nyumba. Kila Jumatatu anakuja na bidoni, dumu la plastiki lenye munkoyo aliyoupika kwa unga wa mahindi, kwa mume wake, nasi watoto tunapewa kikombe kimoja kimoja.

Mkuu wa komite ni Tata Nkongolo, aliyekuwa karani. Alisema mbele ya watu: "Hatujui hii tangi inabeba mayi ngapi. Tutagawanya namna gani kitu chenye hatujui?" Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema: "Tata, muache, huyo ni wa Madame Kabemba, anaweza kukuhesabia hata nywele."

Tata Mukendi alitoa mfukoni mita yake ya mbao ya kukunja, ya manjano, iliyofutika namba kwenye kona. Yeye alishika mwisho mmoja, mimi mwingine. Tulipita kando ya ukuta wa tangi: urefu mita 4 na sentimita 20, upana mita 2 na sentimita 20. Kwa kimo alipitisha fimbo kwenye tundu mpaka sakafuni. Ilitoka na alama ya maji: mita 1 na nusu.

Alisema: "Ku kazi tulikuwa tunapima tangi yikiwa butupu. Mutu anaingia mule ndani."

Nikamjibu: "Tata, ndani yake kuna maji ya kunywa. Kanuni ni ile ile."

Akacheka. "Ah, sawa, mwalimu. Mi nilisoma miaka tatu tu."

Nilichora sanduku kwa rula, mistari myembamba na safi kama unavyotaka. Urefu mara upana mara kimo: 4.20 × 2.20 × 1.50. Mita za ujazo 13.86. Lita 13,860. Kwa bidoni za lita ishirini ni bidoni 693. Kila familia inapata bidoni moja, na sabini na tatu zinabaki kwa wagonjwa! Tata Nkongolo aliandika 693 kwa mkaa kwenye ubavu wa tangi. Watu walinipigia makofi, Madame. Mama alijifanya anafunga kitenge.

4 Aprili

Maji yamekatika kwenye bidoni ya 540. Mstari wa 13 na wa 14 wamerudi na bidoni tupu. Ni familia themanini.

Mama mmoja alinipita akasema: "Mwalimu mudogo, ile sabini na tatu ya kubakia, ulikunywa wewe?"

5 Aprili

Nimeona kosa langu. Robine haiko sakafuni. Iko juu kwa sentimita 15. Tata Mukendi alinionyesha kwa kidole: "Mayi ya chini ni ya matope. Inalala pale pale. Haitoki." Kwa hiyo kimo cha kweli si 1.50 bali 1.35. Nilirudia: lita 12,474. Bidoni 623, na lita kumi na nne zinabaki.

Madame, 623! Na familia ni 620! Nilikimbia na daftari mkononi. Tata Nkongolo alihesabu mwenyewe mara mbili, akavua miwani, akasema: "Mungu anatupimia." Akafuta ile namba ya kwanza, akaandika hii.

7 Aprili

Yamekatika kwenye 540.

9 Aprili

540.

Tata Nkongolo ananihesabisha kwa chaki, alama tano tano. Sikosei. Bidoni ya Tata Mukendi mwenyewe, ile ya kijani, iko kando ya robine, imefungwa kwa kamba ili isiibwe. Yeye ni wa mstari wa 13.

11 Aprili, Pasaka

Mvua kubwa. Mstari wetu tumekinga maji kwa plastiki, tumekunywa mpaka tumeshiba. Kaku alisema Yesu amefufuka na ndoo mkononi. Tulicheka sana.

18 Aprili

Mvua haijarudi tangu Pasaka.

21 Aprili

540. Mama ameazima nusu bidoni mstari wa tano, kwa mwanamke ambaye Kapata hawakuwa wakisalimiana. Aliichukua kwa magoti.

26 Aprili, Jumatatu

Mama Mbuyu alikuja na munkoyo. Alipoondoka nilisikia wanawake kwenye foleni.

"Unaona vile? Anakuja na munkoyo, anarudia na mayi."

"Ya nani?"

"Ya batoto betu, mama! Bandugu zake batufukuze ku manyumba, na yee atukunywie mayi."

"Bwana yake njo iko na funguo."

"Njo vile."

Sikuamini. Mama Mbuyu ndiye aliyemsukuma Kaku kwenye kigari siku tulipohama, alitembea naye nusu ya njia mbele ya vijana wale, nao hawakuthubutu kumgusa. Lakini nilimwangalia mpaka alipopita lango. Bidoni ilikuwa kichwani. Nikajiuliza: nani anabeba bidoni tupu kichwani?

30 Aprili

540. Vumbi limeanza.

3 Mei, Jumatatu

Nimekataa kikombe cha munkoyo. Mama Mbuyu aliniuliza: "Unagonjwa, mutoto?" Nikasema sina kiu. Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu ya bidoni.

Kaku alikuwa hajanywa tangu jana asubuhi. Midomo yake imepasuka, na anapojaribu kusali sauti inakwama.

9 Mei, Jumapili

Madame, hili ndilo nisilotaka kuandika. Nimenoa penseli mara tatu.

Baada ya misa, komite ilikaa karibu na tangi, na ua wote ulisimama kuzunguka. Tata Nkongolo alikuwa na karatasi. Alisoma tarehe, na baada ya kila tarehe alisema "mia tano makumi ine", mpaka watu wakawa wanaitikia pamoja naye. Kisha akaniita.

"Elise Badibanga. Tangi ikijala, inatoa bidoni ngapi?"

"Mia sita ishirini na tatu, Tata."

"Ulipima na nani?"

"Na Tata Mukendi. Alishika mita."

"Na yee alikubali?"

"Alikubali."

"Sasa sikiliza muzuri, mutoto. Kuko kosa mu hesabu yako?"

Nilimwona Mama, kichwa chake kinatikisika kidogo sana, sikuelewa kama ni ndiyo au hapana. Nilimwona Tata Mukendi, amegeuza sikio lake zima upande wangu ili asikie vizuri. Nilifikiria midomo ya Kaku. Nilifikiria pia, na hili nalisema kwa sababu niliahidi, kwamba wewe hujawahi kuniwekea alama nyekundu kwenye hesabu ya ujazo.

Nikasema: "Hakuna."

Kelele zikapanda. Mtu alipiga tangi kwa mkono. Tata Nkongolo akamwambia Tata Mukendi aseme.

Tata Mukendi alisimama. Nilitegemea angepiga makelele, maana yeye hata salamu anaipiga makelele. Safari hii aliongea polepole.

"Mi nilifanya kazi ya mayi miaka makumi mbili na mbili. Hesabu ya mutoto, mi siwezi kuijibu, siijui. Lakini mayi yenye ilipita mu mukono yangu, naijua. Hata tone moya halikuenda ku Kapata."

"Basi bidoni makumi munane iko wapi?"

"Sijui, Tata."

"Hajui!" Watu wakacheka, kicheko kibaya. "Aulize bibi yake!"

"Bashemeki zake njo banakunywa!"

Aliposikia habari ya mke wake, uso wake ulibadilika. Aliweka ufunguo juu ya tangi. Kisha akaja kwangu. Nilidhani atanipiga, na sasa natamani angenipiga. Alitoa ile mita ya manjano akaniwekea mkononi.

"Kamata. Utapima bingine."

10 Mei, Jumatatu

Tata Mukendi ametoka. Saa moja asubuhi alipita lango amevaa koti lake la kazi, bila mzigo, akashika barabara ya Kapata. Wanawake wawili walimwita: "Tata, rudia! Batakuua ku barrière!" Kwa sikio gani angesikia? Labda alisikia. Hakugeuka.

Wote tunajua kwamba barrière, kizuizi cha vijana wale, iko kwenye daraja, na kwamba mtu wa kwetu hapiti pale peke yake.

Ni Jumatatu, lakini Mama Mbuyu hakuja.

11 Mei

Kaku ameniuliza: "Ile bidoni ya kijani, ulishaiona ikijala?"

Nikasema sikumbuki.

"Mi nakumbuka," akasema. "Ninakaa tu hapa, kazi yangu ni kuangalia. Haikujala hata siku moya."

12 Mei

Ufunguo sasa uko kwa Tata Kazadi wa mstari wa pili. Watu walimshangilia. Mstari wa 13 na wa 14 tulisogea karibu, tunacheka, tunasukumana. Nilihesabu kwa chaki.

Yamekatika kwenye 540.

Tata Nkongolo aliniambia nimehesabu vibaya, akaninyang'anya chaki.

14 Mei

Nimehesabu kwa mawe mfukoni. Bidoni 540, na iliyofuata haikupata hata tone.

16 Mei

540.

17 Mei, Jumatatu

Mama Mbuyu hakuja.

Nilimfuata Tata Nkongolo nyuma ya ghala. Nilimwambia: "Tata, hata kwa Tata Kazadi ni ile ile. Tata Mukendi hakuiba."

Alitazama huku na huku. "Basi na Kazadi ni mwizi?"

"Hapana, Tata. Kosa liko kwangu. Bado sijui liko wapi."

"Haujui." Alikaa juu ya jiwe. Alionekana mzee kuliko Kaku. "Sikia, mutoto yangu. Bandugu ba Kazadi ni bengi huku ndani. Ukisema hayi maneno, batu batapigana leo leo, na nje kuko benye kungojea tupigane. Nyamaza. Nitapanga."

Alipanga hivi: alichora mstari wa mkaa chini ya shingo ya kila bidoni. Kuanzia leo hakuna anayejaziwa kupita alama ile. Alifuta 623 kwa kiganja kilicholowa maji.

18 Mei

Maji yamefika mpaka mwisho wa mstari wa 14. Mama ameweka bidoni katikati yetu, anaitazama.

Nimefanya hesabu chini ya kitenge. Bidoni 540 ni lita 10,800. Ukigawanya kwa familia 620, kila moja inapata lita 17 na zaidi kidogo. Ni hesabu ya darasa la nne. Ingewezekana tangu siku ya kwanza. Hatukumhitaji mwizi.

24 Mei, Jumatatu

Mama Mbuyu hakuja.

31 Mei, Jumatatu

Hakuja. Baridi asubuhi. Watoto wawili wa mstari wa tisa wamezikwa, surua.

7 Juni, Jumatatu

Hakuja.

Mama anasema nisikae langoni, vijana wa nje wanaturushia mawe. Nikakaa nyuma ya nguzo.

14 Juni, Jumatatu

Hakuja. Lakini nimewaza jambo, Madame, na nimelishika kama mtu anavyoshika kiberiti kwenye upepo. Mama Mbuyu alikuwa akija kumletea mume wake munkoyo. Kama mume wake alifika nyumbani, angekuja hapa kwa ajili ya nani?

Halafu nikawaza lile jingine. Sitaliandika. Niliahidi yote, kwa hiyo naandika kwamba niliwaza.

19 Juni

Leo tangi limesafishwa. Masista walisema maji yananuka, watu wanaumwa tumbo. Walifungua robine mpaka ikakauka, na ikabidi mtu aingie kutoa matope. Tundu la kifuniko ni dogo, mtu mzima hapiti. Tata Nkongolo alitazama watoto, nikasema: "Mimi." Nilikuwa na mita mfukoni. Inakaa mfukoni tangu siku ile.

Walinishusha kwa kamba chini ya makwapa. Ndani kuna baridi na harufu ya chuma. Matope yalifika katikati ya miguu yangu, sawasawa na pale robine ilipo. Mwanga unaingia kwa tundu tu, kama sahani moja ya mwanga sakafuni. Nilipokohoa, kikohozi kilinirudia kutoka pande nne.

Nilijaza ndoo sitini na mbili za matope, wakazivuta. Kisha nikasema: "Ngojeni kidogo." Nikafungua mita.

Nilianzia kona. Nilipima urefu nikiwa nimepiga magoti, nikasogeza, nikaweka alama kwa kucha, nikasogeza tena. Mita 4. Nikapima tena kutoka upande wa pili. Mita 4 kamili. Upana, mita 2. Ile sentimita ishirini haikuwepo popote.

Nikaweka mkono ukutani. Madame, ukuta una unene. Kila upande ni sentimita kumi za zege. Mimi nilipima nje, nikahesabu zege kama maji. Kwenye daftari, ukuta wa tangi ni mstari wa penseli, na nilijivunia kuuchora mwembamba. "Ku kazi tulikuwa tunapima tangi yikiwa butupu. Mutu anaingia mule ndani." Aliniambia. Alinishikia mita na akaniambia.

4 × 2 × 1.35. Nilifanya kichwani, nikiwa magotini. Mita za ujazo 10.8. Lita 10,800. Bidoni 540. Haibaki hata lita moja.

Walikuwa wakiniita kutoka juu: "Elise! Uko muzima?" Nilivuta kamba badala ya kujibu. Sauti yangu ingenirudia.

20 Juni, Jumapili

Nimesema. Baada ya misa nilipanda juu ya tangi kabla Tata Nkongolo hajamaliza matangazo. Nilisema: "Mimi ni Elise wa mstari wa 14. Tata Mukendi hakuiba maji. Nilipima nje badala ya ndani. Tangi halijawahi kutoa zaidi ya 540. Tarehe 9 Mei niliulizwa kama kuna kosa nikasema hakuna. Nilisema uongo bila kujua, lakini nilisema kwa nguvu kama mtu anayejua."

Nilidhani watanizomea. Kila mmoja alitazama mahali pengine. Yule aliyepiga tangi kwa mkono aliukunja mkono wake kwapani.

Mwanamke mmoja akasema: "Lakini ile bidoni ya Mama Mbuyu? Alikuwa anaibeba ku kichwa!"

Kaku akajibu kutoka kwenye godoro, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Mikono yake ilikuwa na manguo ya bwana yake, ya kufua. Ulitaka aibebe na meno?"

Mwanamke yule alijifunika uso kwa kitenge.

Tata Nkongolo alinisaidia kushuka. Alisema polepole, kwangu tu: "Mutoto, wewe ulikosa hesabu. Mi nilikuwa na miaka makumi sita na nilikosa mutu." Kisha akauliza wote: "Nani ataenda ku Kapata kumwambia?"

Hakuna awezaye kwenda Kapata. Ndiyo sababu tuko hapa.

28 Juni, Jumatatu

Hakuja. Nimejaza bidoni ya kijani mpaka alama, kutoka kwenye sehemu yetu. Mama aliona, akanisaidia kuiinua.

5 Julai, Jumatatu

Hakuja.

9 Julai

Train imeingia gare.

11 Julai

Tumepanda behewa la wazi, watu mia na kitu, godoro zikiwa juu na sisi juu ya godoro. Tuliondoka saa sita mchana. Kaku alifumba macho mpaka bomba la moshi la kiwanda lilipopotea. Alisema bwana yake alizikwa chini ya bomba lile, hakutaka kumwona akibaki.

Kapata inaonekana upande wa kushoto kwa muda mfupi sana. Nilihesabu paa za kampuni safu kwa safu. Zote zinafanana. Nilitafuta moshi wa jiko kwenye safu ya Tata Mukendi. Kulikuwa na moshi mwingi, Madame, ilikuwa saa ya chakula. Sikuweza kujua upi ni wa nyumba ipi.

Tenke, 14 Julai

Siku ya tatu tumesimama hapa. Kichwa cha train kinarudi Kolwezi kuchukua mabehewa mengine, na sisi tunangojea kingine kitakachotoka Kamina. Mwendesha breki, Tata Mwamba, ni mtu wa Mutshatsha, wa huku huku Katanga, mzee mwenye kofia ya sufu. Jana alimpa Kaku nusu ya mkate wake bila kuuliza jina letu. Nikamuuliza kama angeweza kubeba daftari mpaka Kapata kwa mwalimu wangu.

"Daftari tu? Hakuna kitu ya kukatazwa mule ndani?"

"Kuna hesabu, Tata."

"Hesabu hawajaikataza," akasema, akalipokea chini ya koti. Amenirudishia kwa dakika kumi niandike haya ya mwisho. Baada ya wiki mbili atapita tena hapa na train inayofuata, na kwa sasa inaonekana na sisi tutakuwa bado hapa hapa. Amesema ukiwa na jibu umpe mkononi.

Nimefunga na mita pamoja na daftari. Sio yangu. Kurasa za mwisho nimeandika hesabu upya, safi, na mchoro wake. Safari hii nimechora kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati nimepaka penseli nyeusi sentimita kumi. Isahihishe ukipenda, lakini najua ni sawa. Nakuomba uchane ukurasa ule na umpelekee Mama Mbuyu. Ni nyumba ya nne baada ya mnara wa maji, mlango wa buluu, unaijua. Mwambie umeandikwa na yule aliyekataa kikombe chake.

Bisha kwa nguvu, Madame. Usibishe kwa heshima kama unavyobisha kwa watu. Kama Tata Mukendi yuko ndani, amebakiwa na sikio la kushoto tu, na labda amekaa mbali na mlango, na labda watamficha kwanza. Subiri. Bisha tena. Umwambie bidoni yake ilijaa.

Tata Mwamba ananyoosha mkono, kichwa cha train kinapiga honi. Nijibu neno moja tu, hata kama ni baya, mpe yeye alilete: ulipobisha, nani alikufungulia mlango?